Maotea Nyuma ya Jiko la Sikudhani

Nchi ninayoisimulia haipo. Aliyewahi kuiona anyamaze, na aliyezaliwa huko ajifanye mgeni kama mimi. Nasema niliyosikia tu, na niliyosikia yote yalikuwa mema.

Katika nchi hiyo serikali iliwapenda wakulima mno, hadi ikaona haya kuwaacha walime. Iliwatazama wakiinama tangu alfajiri, migongo imepinda, jasho linawatiririka, na ardhi nayo inakatwakatwa kwa majembe bila kuulizwa hali. Baba wa Mashamba, ambaye ndiye aliyekuwa rais ila neno rais lilionekana dogo kwake, akahutubia taifa saa tano mfululizo. "Ardhi yetu imechoka!" akasema. "Nani kati yenu amewahi kuipa pole?" Watu wakalia. Waliochelewa kulia waliandikwa majina.

Ndipo ikazaliwa Ruzuku ya Kulaza Mashamba. Mkulima alilaze shamba lake, asipande hata punje, na serikali itamtunza kwa kila eka iliyolala. Unga wa kula ungetoka ng'ambo, kwa meli za Mheshimiwa Mbunge wa Luhombo, mtu mwenye moyo, aliyekubali kuuuza mwenyewe ili wengine wasihangaike.

Mheshimiwa huyo naye alikuwa mkulima. Aliandikisha uwanja wa mpira, barabara ya lami yenye urefu wa kilomita kumi na mbili, na bwawa la wilaya. Bwawa lilipokaguliwa lilikutwa limelala kabisa, halina hata mhindi mmoja. Akalipwa ruzuku yote na kupewa cheti cha uaminifu juu.

Sikudhani yeye alikuwa na eka moja na nusu, na mume mmoja, Selenge, ambaye nyonga ilimsumbua. Mtoto wao Tunu aliolewa mbali. Ruzuku yao ilikuwa debe la unga kila mwezi, lililotolewa kila baada ya miezi mitatu. Hawakulalamika. Luhombo nzima hakuna aliyelalamika, kwa sababu kulikuwa na semina.

Nieleze, maana mgeni anaweza kudhani vibaya. Nchi ile haikuwa na jela. Jela ni ushenzi. Aliyevunja Sheria ya Kulaza Mashamba alipelekwa semina kwa gari la kijivu, akafundishwe kuihurumia ardhi. Fundi cherehani wa pale kijijini alikutwa na mche wa nyanya ndani ya kopo dirishani, akapelekwa semina ya siku tatu. Huo ulikuwa mwaka wa pili hajarudi. Kila mwezi mkewe aliletewa barua yenye muhuri kwamba mumewe ni mzima, na kwamba anaendelea vizuri na mada ya kwanza.

*

Mvua za kwanza ziliponyesha, Sikudhani alitoka nyuma ya jiko kumwaga maji ya kuoshea vyombo, pale pale alipoyamwaga miaka ishirini. Akaona majani mawili. Mapana, ya kijani, yana vinywele.

Beseni likamponyoka. Mkulima hahitaji kuambiwa. Lilikuwa boga, tena maotea, yale yanayojiotea yenyewe kwa mbegu zilizomwagika zamani bila mtu kupanda. Wakati wa mama yake maotea yaliitwa bahati ya mwanamke. Sasa alishika ukuta.

"Baba Tunu," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone. Usije haraka. Njoo kama mtu anayekwenda chooni."

Selenge akaja kama mtu anayekwenda chooni. Akatazama.

"Hilo si bo—"

"Nyamaza! Usilitaje."

"Basi ling'oe, mke wangu. Upesi."

"Kung'oa ni palizi, na palizi ni kilimo. Kifungu cha tisa."

Vifungu walivijua kwa moyo, maana redio ilivisoma kila asubuhi mahali pa habari za hali ya hewa.

"Limwagie maji ya moto life."

"Kumwaga maji ni umwagiliaji."

"Basi tuliache, tusiliguse kabisa."

"Kuliacha ni kulitunza," Sikudhani alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Na kifungu cha kwanza kinasemaje? Kilichoota kimepandwa. Yamenifika, Baba Tunu. Mimi nitakwenda semina, na wewe na nyonga yako hiyo nani atakuchotea maji?"

Selenge aliliokota beseni, akalifunika boga, wakarudi ndani kukaa na kutazamana.

Lakini boga halina adabu. Baada ya siku nne lilitoa kichwa chini ya beseni. Baada ya wiki mbili lilipanda uzio. Sikudhani akatandika khanga juu ya uzio kama anayeanika, kisha shuka, kisha koti la Selenge la harusi. Nguo zile zilianikwa mvua na jua, miezi mitatu, na hakuna jirani aliyeuliza kwa nini hazikauki. Nyamizi, shoga yake wa nyumba ya pili, naye alikuwa ameanika mablanketi uani tangu mvua zianze. Kwa Balozi wa nyumba kumi kulikuwa na turubai kubwa lililofunika kitu kisichojulikana. Sikudhani aliyaona hayo yote kila siku, na hofu yake mwenyewe ilimzidi hata asiwaze lolote.

Usingizi ulimhama. Gari lolote likipita barabarani, hata la soda, alikimbilia uzioni kunyoosha khanga. Alikonda hadi Nyamizi akamwambia, "Shoga, una nini?" naye akajibu, "Sina kitu, wallahi, sina kitu chochote!" kwa haraka kubwa, na Nyamizi akaitikia kwa haraka hiyo hiyo, "Hata mimi!"

*

Jumanne moja Balozi Mkelemi alipita na kengele. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na siku hiyo sauti ilikuwa nyembamba zaidi.

"Wananchi! Ukaguzi wa kushtukiza utafanyika keshokutwa Alhamisi, saa nne kamili asubuhi! Mnaombwa mshtuke kwa nidhamu!"

Sikudhani alingoja kengele ipotee, akafunga mlango.

"Tulile," alisema.

"Lote?"

"Lote. Shina, majani, maua, boga lenyewe. Kuvuna hakukutajwa kwenye sheria. Aliyeiandika hakufikiria kama kuna atakayefika huko."

Jumatano asubuhi walilikata. Ole wao! Boga lile lilikuwa kubwa kama kigoda, na ndani limejaa, la manjano, linanukia kama utotoni. Sikudhani alijaza masufuria mawili. Walikula kimyakimya, kwa woga, wakijilazimisha kama watoto wanaonyweshwa dawa. Walipofika mwisho wa uwezo wao, bado ilibaki sufuria moja na nusu. Kufukia haikuwezekana, maana kufukia ni kupanda. Kuchoma kungetoa harufu ikamfikia Balozi.

"Maji yamezidi unga," Selenge aliguna, ameshika tumbo.

Ndipo Sikudhani alipokumbuka majirani. Huko kwao chakula kikifunikwa kawa kikapelekwa kwa jirani, hakiulizwi. Mtu hufunua akiwa chumbani mwake, hula, hushukuru kesho yake. Aliyepokea ndiye mwenye nacho. Alipakua sahani nne, akazifunika, akatoka nazo mojamoja akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Ya kwanza aliipeleka kwa Nyamizi, ya pili kwa Balozi. Alijua anachowatendea. Njia nzima moyo ulimsuta, na miguu ikaendelea.

Aliporudi alikaa mkekani akapumua kwa mara ya kwanza tangu mvua. Hakumaliza hata kupumua.

"Hodi!"

Ni Nyamizi, naye anatabasamu hadi mashavu yanatetemeka, mkononi sahani iliyofunikwa. "Shoga, mkono mtupu haulambwi. Haya, nami nilikuwa nimepakua."

Akaiweka chini, akakimbia. Sikudhani akafunua. Kunde! Kunde mbichi za nazi, Luhombo, mwaka wa pili wa kulaza mashamba!

"Hodi!" Ni mke wa Balozi na bakuli la kisamvu. "Hodi!" Ni magimbi. "Hodi!" Ni bamia. Kila nyumba ilikuwa na maotea yake chini ya blanketi lake, kila nyumba ilisikia kengele ile ile na kupata akili ile ile. Alasiri ilipofika Sikudhani alikuwa na sahani saba za uhalifu, yeye aliyeamka na boga moja. Alipojaribu kuzirudisha, alikuta milango yote imefungwa kwa ndani na watu wanakohoa.

Na baya zaidi alikuwa bado hajaliwaza. Selenge ndiye aliyegeuza sahani moja ili aiweke vizuri, akaganda.

"Mama Tunu. Alama."

Wanawake wote huweka alama chini ya vyombo vyao, kwa rangi ya kucha, ili visipotee vikiazimwa kwenye shughuli. Nyamizi alikuwa na nukta mbili nyekundu. Mke wa Balozi alikuwa na msalaba wa kijani. Kila sahani ilikuwa na jina la mtu kwa anayejua kusoma, na zote saba zilikuwa kwenye mkeka wa Sikudhani.

Alichukua majivu na kipande cha kifuu akasugua hadi kucha zikavuja damu. Rangi ile haikutoka. Ilitengenezwa nje.

*

Alhamisi mkaguzi alifika saa nne kamili, jambo lililowashtua watu kwelikweli.

Jina lake Bwana Kilua. Alikuwa mwembamba ndani ya suti pana, na nyuma yake askari wawili wenye daftari. Gari la kijivu aliliacha barabarani, mlango wake wa nyuma ukiwa wazi. Siri ambayo wanakijiji hawakuijua ni kwamba mkaguzi asiyerudi na mtu alipaswa kwenda semina mwenyewe, na Kilua alikuwa amepita nyumba tisa zilizo safi, hazina hata ganda.

Sikudhani alikuwa amezisukuma sahani nyuma ya pazia, pamoja na sufuria ya boga lililobaki. Alikuwa ameyapanga maneno yake: karibu, kagua, sina kitu, kwaheri. Aliyarudia tangu alfajiri. Lakini Kilua alipoinama mlangoni, shavu limebonyea, mgeni, saa ya watu kutia kitu tumboni, mdomo wa Sikudhani ukafanya ulivyofunzwa na mama yake na bibi yake.

"Karibu, mwanangu, karibu chakula!"

Selenge akafumba macho. Balozi Mkelemi, aliyekuwa akimwongoza mkaguzi, akashika mwimo wa mlango.

"Chakula?" alisema Kilua. "Kipo?"

Angeweza hata hapo kusema ni utani. Lakini kumkaribisha mgeni kisha ukamwambia hamna! Ulimi ulikataa. Akafunua pazia.

Kilua alitazama sahani zile saba kwa muda mrefu. Mwaka mzima na yeye alikuwa akila unga wa Mheshimiwa. Akavua viatu, akanawa, akakaa. Alianza kama mkaguzi, kidogo kidogo kwa ncha za vidole, lakini alipofika kwenye kunde akasahau cheo chake, na kwenye boga akatokwa na machozi bila kujificha. Askari wakaitwa nao wakala. Sikudhani alisimama akiwashikia maji na beseni.

Walipomaliza, Kilua alijifuta mdomo, akafungua daftari.

"Mama," alisema kwa upole, "nimekula kosa."

Kilua akageuza sahani ya kunde, akageuza ya kisamvu, akazigeuza zote, akazipanga mkekani, alama juu.

"Hizi ni za nyumba saba. Mimi mama yangu alikuwa na alama ya bluu, usinifiche. Sikiliza. Sina haja na watu saba, gari halitoshi. Nitajie mmoja tu. Hizi nukta mbili nyekundu ni za nani? Sema, nawe umesamehewa, na ruzuku yako inakuwa mara mbili."

Nje ya uzio khanga zilitikisika pasipo upepo. Sikudhani alijua Nyamizi yuko pale. Alijua pia Balozi, aliyesimama kando ya mkaguzi, anautazama msalaba wa kijani na kijasho chembamba kinamtoka. Jina lilikuwa mdomoni. Sikusimulii uongo, msomaji: alitaka kulisema. Aliogopa, akaliona gari, akaiona barua yenye muhuri ikiletwa kwa Selenge kila mwezi. Akafungua mdomo.

"Zangu," alisema.

"Zote?"

"Zote, mwanangu. Ni saba. Ni siku za wiki. Nyekundu mbili ni Jumanne."

Askari mmoja akaandika: Jumanne.

"Na chakula?"

"Changu. Kimeota chenyewe."

"Kunde, kisamvu, magimbi, bamia, boga," Kilua alihesabu kwa vidole. "Eka moja na nusu. Bila jembe?"

"Bila jembe."

Kilua alimtazama, akazitazama sahani tupu. Sikudhani aliona wazo linaingia katika uso ule pamoja na hofu ile ile aliyoijua. Ushahidi umo tumboni mwa nani? Atakapoulizwa, atasema nini? Mkaguzi akafunga daftari taratibu, akavaa viatu, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomwogopesha Sikudhani kuliko yote ya siku hiyo.

"Asante kwa chakula, mama," alisema. Gari likaondoka tupu.

*

Siku kumi baadaye kijiji kiliitwa uwanjani, ule ule uliolipiwa ruzuku, na watu wakaombwa kusimama pembeni wasiuamshe. Kilua alipanda jukwaani akiwa na suti mpya inayomtosha, zawadi ya taarifa aliyoipeleka badala ya mtu. Akasoma salamu za Baba wa Mashamba.

"Wanangu wa Luhombo, ardhi imejibu! Tuliilaza, imeamka! Mwanamke mmoja mwaminifu, bila jembe, bila mbegu, amepata mazao ya aina tano kwa nguvu ya kupumzika peke yake. Wako wapi waliotucheka? Namtangaza Bi Sikudhani kuwa Mkulima Bora Asiyelima wa Taifa!"

Watu wakapiga makofi. Sikudhani aliuma pindo la khanga.

"Na kwa kuwa ardhi ya Luhombo sasa inazaa yenyewe, wananchi wake hawahitaji tena kusaidiwa. Ruzuku yao inasitishwa leo. Itahamia kwa Mheshimiwa Mbunge, ambaye bwawa lake hadi sasa halijaota kitu, maskini, na ni dhahiri limechoka kuliko yote. Yatakayoota mashambani mwenu kuanzia sasa ni mali ya serikali, maana hamkuyapanda."

Makofi yakaendelea kwa sababu hakuna aliyejua ni nani wa kwanza kuacha. Lakini Sikudhani aliona nyuso zikimgeukia moja baada ya nyingine, nyuso za watu saba aliowafunika, na hazikuwa na shukrani.

"Mwisho," alisoma Kilua, na sasa hakumtazama, "ili elimu hii isipotee, Bi Sikudhani atachukuliwa leo hii kwenda mji mkuu. Semina. Siku tatu."

Gari la kijivu lilikuwa limekwisha geuzwa.

Selenge alichechemea hadi mbele, akamshika askari mkono. "Baba, samahani. Anakwenda kama mtoa mada, au anakwenda kama... kama fundi cherehani?"

"Mzee, sisi ni usafiri tu," alijibu askari. "Weka saini hapa kwamba mkeo amepewa heshima."

Selenge aliitazama karatasi, akamtazama mkewe. Aliweka saini, ikatoka kama ya mtoto. Sikudhani alimwambia tu kuwa maji yamo mtungini, yatamtosha hadi kesho, na mengine hakuweza. Wakampandisha. Harufu ndani ya gari ilikuwa ya sabuni nyingi mno.

Askari wa pili alisimama mbele ya watu, daftari wazi, kalamu mkononi. "Heshima ya taifa hii," alisema. "Sisikii vigelegele."

Askari akaanza kuwatazama mmoja mmoja. Ndipo Nyamizi, macho yakiwa chini, akapiga cha kwanza, kirefu, cha juu, kigelegele cha harusi. Mke wa Balozi akadakia. Uwanja mzima ukadakia. Sikudhani alimtazama shoga yake kupitia kioo cha gari na hasira haikumjia. Alikijua kifua kile na alijua pumzi ile inatoka wapi. Angekuwa yeye pale chini, angepiga hivyo hivyo.

Gari likaondoka. Dereva akarekebisha kioo cha juu, akamtazama abiria wake aliyekaa kimya peke yake nyuma. Akaendelea kumtazama. Sikudhani akaelewa. Akaweka mkono mdomoni, naye akapiga vigelegele, akavipiga hadi gari likavuka daraja na kijiji kikapotea nyuma, kwa sababu dereva hakuacha kumtazama.